Ukifyeka Agosti, Machi pori limerudi. Kwa nini?

Ukirithi shamba la mikorosho huku Lindi, mara nyingi unarithi na pori lake. Tuseme ni ekari tano pale Mitwero, nje kidogo ya mji. Mikorosho ya babu ipo, lakini imemezwa. Ndugu wanachanga hela, vibarua wanatafutwa, mwezi wa nane pori lote linafyekwa na kuchomwa, shamba linabaki jeupe. Kufika Machi vichaka viko kifuani. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu hela imekata na maneno yanaanza: aliyesimamia vibarua kala hela, au shamba lina mkono wa mtu, bora liuzwe tu.

Kati ya maswali ambayo wazee huniuliza nikiwa kwenye utafiti, hili ndilo linalojirudia: mbona tunafyeka na halipungui? Jibu liko chini ya udongo, na kwa kiasi kikubwa liko kwenye kalenda.

Majani hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga wa jua. Inayozidi mahitaji hushuka chini na kuhifadhiwa kwenye mizizi kama wanga. Muhogo ni ghala la namna hiyo, tofauti ni kwamba lenyewe ni laini na tunalichemsha. Mizizi ya mti wa porini nayo ina akiba yake. Halafu chini ya gome la kisiki kuna macho yaliyolala. Ncha ya mti ikiwa hai hutuma homoni inayoitwa oksini, ambayo huyazuia yasiamke. Ukikata shina, oksini haiji tena, macho yanaamka, na ghala linafunguliwa ili kuyalisha. Panga limeondoa majani tu. Akiba haijaguswa.

Sasa kalenda. Miti mingi ya miyombo hupukutisha majani kiangazi, kisha Septemba na Oktoba hutoa majani mapya, yale mekundu yanayopendeza, hata kabla mvua haijanyesha. Chakula cha kutengenezea majani hayo kinatoka wapi? Ghalani. Kwa hiyo ghala huwa tupu zaidi pale majani mapya yanapokuwa yamemaliza kukunjuka. Mvua ikikolea, majani yanaanza kulipa deni. Ikifika Juni au Julai, ghala limejaa tena.

Na sisi tunafyeka lini? Juni mpaka Agosti, ghala likiwa limejaa! Si kwa ujinga. Korosho za kusini huanza kudondoka kuanzia Septemba, na bila kusafisha chini ya mkorosho huokoti kitu. Ufyekaji wa kiangazi ni wa kuvuna, na lazima ufanyike. Ila usidhani huo ndio unaopunguza pori. Wa kupunguza pori ni ule wa mwezi wa kwanza hivi, machipukizi yakiwa yamefika magotini au kiunoni na majani yake ndiyo kwanza yamefunguka. Hapo mti umetumia akiba na haujarudisha chochote. Ukikata wakati huo, ukarudia tena yakichipua, mizizi inaanza kufa njaa.

Shida ni kwamba Januari kila mtu yuko kwenye mahindi na mtama. Vibarua ni wachache na bei imepanda. Ndiyo maana binafsi naona ekari moja inayofyekwa mara tatu kwa mwaka ina faida kuliko ekari tano zinazofyekwa mara moja. Najua ukoo hautapenda kusikia kwamba ekari nne zisubiri.

Vita hii ya pori na mkorosho ina historia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 kuna misimu ambayo hazikufika hata tani 20,000. Bei kwa mkulima ilikuwa mbaya, na ugonjwa wa ubwiriunga uliingia, hayo yanajulikana. Lakini Operesheni Vijiji nayo ilihamishia watu kwenye vijiji vipya, na wengi wakawa mbali na mikorosho yao. Shamba la kwenda kwa mwendo wa saa mbili halipaliliwi. Mapori mengi tunayorithi leo yalianza kuota wakati huo.

Moto je? Moto unafurahisha kwa siku mbili. Udongo hauupitishi joto kirahisi, hivyo sentimita chache tu chini mizizi haina habari. Mninga, kwa mfano, umeumbwa kwa maisha ya moto: mche wake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa. Kale kachipukizi ka urefu wa kidole unakokadharau kanaweza kuwa na mzizi wenye umri wa mtoto wa shule ya msingi. Mkorosho haukuumbwa hivyo. Moto wa jirani ukiingia, unaoumia kwanza ni huo wako.

Mpaka hapa nimeongelea miti ya kwetu. Mgeni msumbufu zaidi ni lantana, ule mti wenye maua ya njano, ya chungwa na ya pinki kwenye kishada kimoja, majani yanayokwaruza na harufu kali. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ukasambazwa duniani kama ua la bustani. Ng'ombe akila majani yake ini linaharibika na ngozi inaungua kwa jua. Ukiufyeka usawa wa udongo unarudi na matawi mengi zaidi, kwa sababu macho yake yamejaa pale shina linapokutana na mzizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delhi walilifanyia kazi tatizo hili katika hifadhi ya Corbett, India. Dawa yao si ghali: kata mzizi mkuu sentimita chache chini ya udongo, ng'oa kichaka kizima, kigeuze miguu juu kichwa chini ili mizizi isiguse ardhi, kiache kikauke. Jembe na sululu vinatosha, na udongo ukiwa na unyevu kazi ni nusu. Kisha urudi kung'oa miche chini ya miti wanapotua ndege, maana ndege hula vitunda vyake vyeusi na kudondosha mbegu hapo. Kwenye shamba letu miti hiyo ni mikorosho yenyewe.

Ndago ni kesi nyingine. Ina vitunguu vidogo vilivyounganishwa kama tasbihi, na ukilima juujuu unaikata minyororo na kuamsha kila kitunguu kijitegemee. Upupu wenyewe hauna ghala, unaishi kwa mbegu: ukatwe kabla maganda hayajakauka, la sivyo utaacha shamba kwa kujikuna.

Wanaotumia glaifoseti wakumbuke ghala lilelile. Dawa hiyo husafiri ndani ya mmea pamoja na sukari, kwa hiyo hufika mizizini pale sukari inaposhuka, yaani mwisho wa mvua, majani yakiwa mabichi na yenye afya. Kuipuliza Agosti kwenye majani yenye vumbi yanayokaribia kupukutika ni kumwaga hela. Na upepo ukiipeleka kwenye mkorosho mchanga, utauumiza vibaya.

Halafu si kila kinachochipua ni adui. Dodoma, shirika la LEAD Foundation kwa kushirikiana na Justdiggit linafundisha wakulima mbinu ya kisiki hai: unachagua kisiki, unabakiza machipukizi machache yaliyonyooka, unakata mengine, unayalinda. Yanakua haraka kuliko mche wa kitaluni kwa sababu mzizi ulishajijenga zamani. Niger mbinu kama hiyo ilianza miaka ya 1980 na imerudisha miti kwenye mamilioni ya hekta. Ukikuta mpingo au mninga mpakani mwa shamba, ubakize shina moja. Kilwa hapo jirani kuna vijiji vinavyovuna mpingo kihalali kutoka msitu wao na kupata fedha. Wako hutauvuna wewe, mpingo hauna haraka, lakini hauli chochote cha maana pale mpakani.

Hata mkorosho wa babu una ghala. Ukiwa mzee na hauzai vizuri, unaweza kukatwa ukabaki kisiki kirefu kidogo, machipukizi yakitoka yanabebeshwa vikonyo vya mbegu bora, kama zile zinazotolewa na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, Mtwara. Usipobebesha, chipukizi litazaa korosho zilezile za babu.