Mtetemo wa Breki Huanza Kabla Hujakanyaga

Msomaji mmoja wa Siakago, anayesafirisha muguka kwa pikapu, anauliza: "Nikiteremka kuelekea Ishiara na kukanyaga breki, usukani unatetemeka mikononi. Fundi alisema diski zimepinda. Zilikerezwa, mtetemo ukaisha, na baada ya miezi michache umerudi. Ninunue diski mpya?"

Bado. Kwanza tuondoe yasiyohusika. Gari linalotetemeka hata bila breki lina shida ya balansi ya magurudumu, nati zilizolegea au shafti. Ukikanyaga na usukani ukacheza, ni diski za mbele. Ukihisi zaidi kitini, angalia dramu za nyuma. Pedali inayopigapiga mguu unapofunga breki ghafla kwenye changarawe ni ABS ikifanya kazi yake.

Sasa utamu. Carroll Smith, mhandisi Mmarekani wa magari ya mashindano, aliandika makala nzima kupinga imani ya diski zilizopinda. Mara nyingi diski haijapinda: unene wake ndio haulingani. Tofauti inayotosha kukusumbua ni ndogo ajabu, kama milimita 0.015 hadi 0.02, kidole hakiihisi. Lakini mafuta ya breki hayakubali kubanwa. Sehemu nene ikipita kati ya pedi, husukuma pistoni nyuma, presha hupanda na breki hukamata zaidi. Ikija nyembamba, hulegea. Tairi lenye mzingo wa mita 2.2, kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, huzunguka mara 10 kila sekunde. Gurudumu basi huvutwa na kuachiliwa mara 10 kwa sekunde, mpigo unaokaribiana na ule ambao gurudumu lenyewe, likishikwa na bushi zake za mpira, hupenda kucheza. Ndiyo maana mtetemo huwa mkali kwenye kasi fulani, na ukifika kilomita 40 unafifia.

Tofauti hiyo ya unene ilitoka wapi? Diski hukaa juu ya habu. Kutu kidogo, au vumbi la murram lililogandamana kati ya viwili hivyo, huifanya diski ikae upande. Mafundi wengine huita hali hii "mchezo", lakini mchezo tayari ni wa bearingi iliyolegea. Na "kupinda" ndiko tunakokukataa. Nitaiita yumbo: diski ni nzima, ila ikizunguka inayumba. Kwa kuwa upana wa diski ni karibu mara mbili ya uso wa habu, uchafu wa milimita 0.05 pembeni mwa habu huwa 0.1 kwenye ukingo wa diski, wakati kiwango cha kawaida kinachoruhusiwa ni kama 0.05.

Yumbo lenyewe hulisikii. Pedi hulifuata tu, huku na huku, na gari hutoka gereji likiwa tulivu. Kazi yake huifanya mguu wako ukiwa mbali na breki. Pedi huwa karibu sana na diski, na kila mzunguko sehemu ileile huja kuigusa. Kwa kilomita 150, karibu Siakago hadi Nairobi, hiyo ni zaidi ya mara 65,000. Pedi ngumu hukwangua chuma hapo. Nyingine, ikipata moto, huacha utando wake. Kidogo kidogo, diski iliyokuwa sawa inapata sehemu nene na nyembamba.

Tazama barabara ya murram. Greda ikishapita, ni laini. Gari la kwanza hukuta kokoto moja, gurudumu huruka na kutua mbele kidogo, likichimba. La pili huruka palepale na kutua palepale. La mia linakuta kishimo na kukiongeza, na kishimo kinazaa cha pili, hadi barabara nzima ina mistari ya matuta inayong'oa meno. Hakuna dereva aliyechimba. Kila mmoja aliongeza alichokikuta. Ukirudisha greda, matuta huondoka, lakini barabara ni ileile, magari yaleyale, kasi ileile. Kukereza diski ni kuita greda. Habu chafu ndiyo inayorudisha matuta.

Mteremko huharakisha mambo. Pikapu ya tani 2.8 pamoja na mzigo, ikishuka mita 300, hutoa nishati sawa na ya kuisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa mara 12. Breki zikiibeba yote, madoa yenye utando hupata moto kuliko mengine. Yakipita nyuzi 700, chuma hubadilika na kuwa kigumu, pembeni pakalika haraka na doa likabaki juu. Hilo halikerezeki vizuri. Teremka kwa gia ya chini.

Matengenezo, basi. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi ing'ae. Yumbo lipimwe kwa saa ya kupimia. Likizidi, diski isogezwe tundu moja la stadi na kupimwa tena. Kisha ikerezwe, mradi isishuke chini ya unene uliochapwa juu yake. Weka pedi mpya, na nati zikazwe kwa mkingamo. Barabarani, punguza mwendo kutoka 60 hadi 15 mara kadhaa bila kusimama, pedi zizoeane na chuma. Bearingi na bushi zilizochoka huiga dalili hizi. Ziangaliwe papo hapo.

Ukifika gereji, usianze na bei ya kukereza. Uliza kama wana saa ya kupimia. Asiye nayo atakukerezea vizuri tu, na mtaonana tena baada ya miezi michache.