Mama Ntilie Asibughudhiwe

Munanila imo wilayani Buhigwe, mkoani Kigoma, katika milima inayopakana na Burundi. Mahali kama hapo, adhuhuri ikiwadia, karani, fundi na mchuuzi hukutana kwa mama ntilie. Jina lenyewe ni ombi la mwenye njaa: mama, nitilie.

Chakula chake ni mapishi ya nyumba mbili katika sahani moja. Milima hutoa maharage na ugali wa muhogo; Ziwa Tanganyika huleta dagaa na migebuka, na mawese huukoleza mchuzi. Ndugu zetu wa Visiwani, waliozoea muhogo wa nazi kwa samaki, hawataona ugeni. Muhogo nao ulikuwa mgeni: Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Hata neno meza tumeliazima kwao.

Tunayasema haya kwa sababu kazi hii iliwahi kuhesabiwa kuwa uzururaji. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, wachuuzi wadogo wengi walikamatwa mijini na kurejeshwa vijijini. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwapa wafanyabiashara wadogo vitambulisho kwa shilingi 20,000. Ilikuwa hatua njema, lakini kitambulisho hakiezeki paa wala hakichoti maji.

Usafi ni lazima. Hata hivyo, anayedai usafi hana budi kuleta bomba. Halmashauri, Bara na Visiwani, ziwatengee akina mama hawa mahali penye paa, maji na choo. Afisa anayewafukuza asubuhi, mchana atakula wapi?