DVA Wamekataa Madai Yako? Barua Hiyo Si Mwisho



Katika jamii yetu hapa Sydney wapo waliopata uraia na kujiunga na Jeshi la Australia. Wengine wameshatoka, na wametoka na maumivu ya mgongo, masikio yanayovuma usiku kucha, au ndoto mbaya zisizokwisha. Mtu aliyeumia kwa sababu ya utumishi wake ana haki ya kudai matibabu na fidia kutoka DVA, idara ya serikali inayowahudumia wanajeshi wa zamani. Lakini jibu likija "hapana", wengi huiweka barua kabatini na kunyamaza. Leo tuangalie namna ya kukata rufaa.

SOMA SABABU KWANZA

Barua inaeleza kwa nini umekataliwa. Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili: hakuna daktari aliyethibitisha ugonjwa wenyewe, au ugonjwa upo lakini haujaunganishwa na kazi ya jeshi. Rufaa nzuri hujibu sababu hiyo hasa. Ukirudisha karatasi zilezile, tegemea jibu lilelile.

KIPIMO WANACHOTUMIA

Tangu 1994 ipo mamlaka ya kitabibu, RMA, inayoandika masharti ya kila ugonjwa: ni mambo gani kazini yanayokubalika kuwa chanzo chake. Masharti hayo yanaitwa SoP, na yanapatikana bure kwenye tovuti yao. Chapisha ya ugonjwa wako umpelekee daktari. Barua inayosema tu "ana maumivu ya mgongo" haina nguvu. Yenye nguvu inataja ugonjwa kwa jina, mizigo uliyobeba, uzito wake na kwa miaka mingapi.

Aina ya utumishi nayo ni muhimu. Aliyetumikia vitani anapewa kipimo chepesi kuliko aliyeumia mazoezini wakati wa amani. Mfano ni Waaustralia waliokuwa Rwanda na Umoja wa Mataifa, na kushuhudia mauaji ya Kibeho mwezi Aprili 1995. Utumishi wao ulihesabiwa kuwa wa kivita mwaka 2006 tu. Kwa hiyo hakikisha utumishi wako umeandikwa ipasavyo.

FAILI TUPU

Hapa ndipo watu wetu wengi hukwama. Tumelelewa kuvumilia, na jeshini kijana hataki kuonekana mdhaifu. Haendi kwa daktari, na miaka ikipita faili lake halina kitu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo pengo hilo linaweza kuzibwa. Omba faili lako la matibabu la jeshini. Tafuta maelezo ya maandishi ya wenzako mliotumikia pamoja. Mke, mume au mzazi aandike alichokiona: ulikuwaje kabla, na umekuwaje sasa.

WAPI UNAPELEKA RUFAA

Tangu tarehe 21 Aprili 2025 rufaa za madai haya zinaanzia kwenye bodi moja, VRB. Una miezi 12 tangu upokee uamuzi, lakini usingoje, kwani kuchelewa kunaweza kupunguza malipo ya nyuma. Kufungua rufaa ni bure. Utapata nakala ya nyaraka ambazo DVA walizitumia, zisome zote. Kesi nyingine humalizika kwa mazungumzo bila kikao. VRB wakikataa pia, lipo Baraza la Rufaa, ART, lililochukua nafasi ya AAT tarehe 14 Oktoba 2024. Muda wa kwenda huko ni mfupi zaidi, kwa hiyo soma barua vizuri.

Usiende peke yako. RSL wana watetezi wa madai wasiotoza pesa, na Legal Aid NSW wana huduma ya wanajeshi wa zamani. Wapo pia wanaochukua asilimia ya fidia yako, basi uliza bei kabla ya kutia sahihi. Kwa mkalimani wa Kiswahili piga TIS, 131 450.

WAKATI UNASUBIRI

Kusubiri kunaumiza. Tume ya Kifalme iliyochunguza vifo vya kujiua vya wanajeshi iligundua kwamba mwishoni mwa Mei 2022 madai 41,799 yalikuwa hayajaamuliwa. Lakini matibabu ya akili hayangoji rufaa. Aliyetumikia jeshini kwa ajira kamili hata siku moja anaweza kutibiwa kwa gharama ya DVA bila kuthibitisha chanzo. Piga 1800 838 372. Open Arms wanapokea simu saa 24, kwa mwanajeshi na familia yake: 1800 011 046. Maisha yakiwa hatarini, piga 000.

Ndugu, kama barua iko kabatini, itoe leo uangalie tarehe. Na kama ni ya mwanao au mumeo, kaeni chini muisome pamoja.