Shubiri na Ute: Jani Moja, Dawa Mbili katika Tiba Asilia ya Logiri na Sera ya Afya ya West Nile

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya mshubiri katika tiba asilia, yakiitazama kaunti ndogo ya Logiri katika wilaya ya Arua pamoja na ukanda mzima wa mpakani hadi Koboko. Hoja kuu ni kwamba jani la mshubiri hubeba dawa mbili zisizofanana kwa kemia, kwa manufaa wala kwa madhara, na kwamba jina la kibiashara "alovera" limeifuta tofauti hiyo. Kiswahili kina maneno ya kuirejesha: shubiri kwa utomvu mchungu na ute kwa nyama ya ndani ya jani. Makala yanaonyesha athari za kuchanganya vitu hivyo viwili katika matibabu ya homa kwa watoto, katika utambuzi wa spishi na katika sheria ya biashara ya mimea. Mwishoni yanapendekeza hatua zinazoweza kuchukuliwa katika vituo vya afya vilivyopo.

1. Utangulizi

Logiri ni sehemu ya Vurra, kusini mwa mji wa Arua, kando ya mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walugbara wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, na kaskazini zaidi, Koboko, Wakakwa wamegawanyika katika nchi tatu. Kwa hiyo dawa, wagonjwa na waganga huvuka mpaka kwa urahisi kuliko kanuni zinazowahusu. Katika Kilugbara, neno *aro* humaanisha dawa, iwe ya mizizi au ya vidonge, na hospitali huitwa nyumba ya dawa. Lugha yenyewe haikujenga ukuta kati ya tiba ya nyumbani na tiba ya hospitali, na wagonjwa nao huzitumia zote mbili, mara nyingi katika ugonjwa mmoja.

Katika mazingira hayo mshubiri una nafasi ya pekee. Hauhitaji kumwagiliwa, hustahimili kiangazi, hupandwa uani au kwenye mipaka ya shamba, na jani lake hupatikana saa yoyote. Urahisi huo ndio unaoufanya kuwa dawa ya kwanza kufikiwa katika kaya nyingi, na ndiyo sababu watunga sera hawana budi kuuelewa kwa undani kuliko linavyoruhusu tangazo la dukani.

2. Muundo wa jani

Jani la mshubiri likikatwa kwa kisu huonyesha tabaka tatu. La kwanza ni ganda la kijani. Chini yake kuna mirija midogo inayobeba utomvu wa manjano, mchungu sana, ambao hugeuka kahawia ukikauka. Ndani kabisa kuna ute mweupe unaoteleza, ambao zaidi ya asilimia 98 yake ni maji, na sehemu iliyobaki ina sukari changamani zinazohifadhi unyevu.

Utomvu ndio shubiri ya asili. Neno hili lina mzizi wa Kiarabu uleule uliozaa neno subira, na lilifika pwani pamoja na bidhaa yenyewe: shubiri ya kisiwa cha Sokotra, itokanayo na Aloe perryi, ilisafirishwa katika Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Msemaji wa Kiswahili anaposema jambo ni chungu kama shubiri, au mama anapopaka shubiri kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa, kinachokusudiwa ni utomvu, wala si ute.

Uchungu huo hutokana hasa na aloini. Kemikali hii hupita tumboni bila kubadilika, hufika katika utumbo mpana, na huko bakteria huivunja kuwa kiini kinachouchochea utumbo kujikaza na kutoa maji. Mgonjwa huharisha baada ya saa 6 hadi 12, na kwa sababu hiyo dawa hii kwa desturi hunywewa usiku. Ute uliooshwa vizuri hauna kazi hiyo. Anayeusaga ute pamoja na ganda na utomvu wake, akaunywa akidhani anakunywa kiburudisho cha tumbo, amekunywa dawa ya kuharisha bila kujua kipimo chake.

3. Matumizi na uthibitisho wake

Matumizi ya mshubiri katika tiba asilia ya Uganda na nchi jirani yanaweza kugawanywa katika makundi manne: ngozi, tumbo, homa na mifugo.

Kwa ngozi, ute hupakwa juu ya majeraha ya moto, mikwaruzo na vipele. Hapa ndipo ushahidi ulipo na uzito zaidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007, yakijumuisha majaribio manne na wagonjwa 371, yalikuta kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu yaliyotibiwa kwa Aloe vera yalipona kwa wastani wa siku karibu 9 mapema kuliko ya kundi la ulinganisho. Hata hivyo, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 kuhusu majeraha ya aina mbalimbali yalihitimisha kwamba ushahidi haukuwa na ubora wa kutosha kutoa pendekezo la jumla. Matokeo haya mawili hayapingani. Jeraha dogo la moto jikoni si sawa na kidonda sugu cha mguu, na dawa inayofaa kwa la kwanza haipaswi kuaminiwa kwa la pili.

Kwa tumbo, shubiri ni dawa halisi ya kufungua choo. Shirika la Afya Duniani liliitambua hivyo katika juzuu yake ya kwanza ya mimea ya dawa ya mwaka 1999, ambamo utomvu mkavu na ute viliandikiwa sura mbili tofauti. Juzuu hiyohiyo iliweka mipaka: isitumike kwa muda mrefu, na isitolewe kwa wajawazito wala kwa watoto wadogo. Matumizi ya kupita kiasi huupunguzia mwili maji na potasiamu. Mwaka 2002 Marekani iliiondoa shubiri katika dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuwasilisha takwimu za usalama. Baadaye, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka dondoo ya jani zima la Aloe vera katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo ulihusu jani zima. Ute uliotenganishwa na utomvu wake ni jambo jingine, na anayesoma habari hiyo bila kutenganisha mambo hayo ataogopa asichopaswa kuogopa au atadharau anachopaswa kukiogopa.

Kwa mifugo, majani yaliyopondwa hutiwa katika maji ya kuku wakati wa mdondo, na watafiti nchini Tanzania wameifanyia majaribio Aloe secundiflora kwa ugonjwa huo. Chanjo ingali kinga ya kutegemewa zaidi, lakini matumizi haya yanaonyesha jinsi mmea mmoja unavyoihudumia kaya nzima.

4. Homa ya mtoto

Kundi linalobaki, yaani homa, ndilo lenye hatari kubwa zaidi. West Nile ni miongoni mwa maeneo ya Uganda yenye mzigo mkubwa wa malaria. Katika tiba asilia ya Afrika Mashariki uchungu na homa vimefungamana: mwarobaini ni mchungu, kwinini ni chungu, na shubiri nayo ni chungu. Fikra hii haikosi mantiki, kwani kwinini yenyewe ilitoka katika gome la mti. Dondoo za baadhi ya mishubiri pia zimeonyesha uwezo wa wastani wa kuzuia vimelea vya malaria katika maabara.

Lakini kati ya chupa ya maabara na mwili wa mtoto kuna safari ndefu ya kutenga kiini, kukipima na kupanga dozi. Mtoto mwenye malaria huwa tayari ana homa, pengine anatapika na hawezi kunywa maji ya kutosha. Akinyweshwa maji ya jani zima, utomvu humharisha, na maji aliyobaki nayo mwilini hupungua zaidi. Wakati huohuo saa za kumfikisha kwenye kipimo na dawa mseto zinapita. Madhara ni mawili kwa pamoja, ya dawa yenyewe na ya kuchelewa, nayo hayaonekani kwa urahisi, kwa sababu kuhara kwa mtoto mgonjwa huhesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa.

5. Spishi na sheria

Jenasi ya Aloe ina zaidi ya spishi 500. Aloe vera, ambayo asili yake ni Bara Arabu, ni moja tu kati ya hizo. Ukanda wa savana unaoanzia Afrika Magharibi hadi Sudani Kusini, kaskazini mashariki mwa Kongo na Uganda una spishi nyingine, Aloe schweinfurthii, iliyopewa jina la Georg Schweinfurth, msafiri wa Kijerumani aliyelizuru eneo hilo kati ya 1868 na 1871. Spishi nyingi za porini hazina ute mwingi kama Aloe vera, na chache ni sumu: Aloe ballyi ya Kenya na Tanzania ina alkaloidi za aina ileile ipatikanayo katika mmea uliotumika kumuua Socrates. Utafiti uliofanywa juu ya Aloe vera hauwezi kuhamishiwa kwenye mmea wa kilimani kwa kuwa tu unaitwa kwa jina hilo.

Jina lina uzito katika sheria pia. Mkataba wa CITES, ambao Uganda ni mwanachama wake, unadhibiti biashara ya kimataifa ya mishubiri yote isipokuwa Aloe vera. Mzigo uleule ukivuka mpaka wa Vurra unaweza kuhitaji kibali au usihitaji, kutegemea spishi iliyomo. Kenya inatoa funzo la karibu. Tamko la rais la mwaka 1986 lilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa biashara, lakini biashara ya utomvu iliendelea kwa siri katika maeneo makavu kama Baringo na Turkana, hadi kanuni za mwaka 2007 zilipoweka utaratibu wa leseni. Marufuku isiyoambatana na njia halali ya kujipatia riziki haikuulinda mmea wala mvunaji.

6. Funzo la Kuluva

Pendekezo la kuanzia haliihitaji West Nile kuagiza mbinu kutoka mbali. Katika Hospitali ya Kuluva, iliyo Vurra hukohuko, daktari Ted Williams aliweka kumbukumbu za makini za wagonjwa wa uvimbe wa Burkitt: nani aliugua, alitoka wapi, lini. Takwimu za miaka 1961 hadi 1965, zilizochapishwa mwaka 1967 pamoja na watafiti wenzake Pike na Wright, zilionyesha kwamba wagonjwa hao walikusanyika kimahali na kiwakati, na zikawa sehemu muhimu ya mjadala wa dunia kuhusu chanzo cha saratani hiyo. Chombo kikuu kilikuwa daftari na subira ya kulijaza.

Daftari hilohilo linaweza kuhudumia tiba asilia. Leo mgonjwa akifika kituoni huulizwa dawa alizomeza, na kwa kawaida hutaja vidonge tu. Maswali matatu zaidi yangetosha kuanza: ni mmea gani uliotumika, ni sehemu gani ya mmea, na kiasi gani kilinywewa, lini. Yakiulizwa bila karipio, kwa Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili, na yakijazwa kwa miaka michache, yatatoa picha ambayo hakuna utafiti wa wiki mbili unaoweza kuitoa. Sampuli za mimea zinaweza kutambuliwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Muni, kilichopo Arua, na wa taasisi ya utafiti wa dawa asilia ya Wizara ya Afya, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1964.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uganda ilitunga Sheria ya Tiba za Jadi na Tiba Mbadala mwaka 2019, na mnamo Julai 2022 Baraza lake la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mambo hayo mawili yanafungua nafasi ya kufanya yafuatayo.

Kwanza, vifaa vya elimu ya afya na lebo za bidhaa zitofautishe shubiri na ute, na zitaje spishi na sehemu ya jani iliyotumika. Pili, timu za afya za vijiji zifundishwe ujumbe mmoja ulio wazi: ute safi waweza kupakwa kwenye jeraha dogo la moto baada ya kulipoza kwa maji, lakini maji ya jani zima yasinyweshwe mtoto mwenye homa wala mjamzito. Tatu, waganga wa jadi washirikishwe kama watoa rufaa, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wa kwanza kumwona mgonjwa. Nne, ujuzi utakaokusanywa ulindwe kwa mujibu wa Itifaki ya Nagoya, ambayo Uganda ilijiunga nayo mwaka 2014, ili faida ikipatikana iwafikie wenye ujuzi huo wa pande zote mbili za mpaka.

Mapendekezo haya hayamnyang'anyi mkazi wa Logiri mmea wake. Yanamtaka yeye, mganga wake na muuguzi wake waitane majina yaleyale wanapozungumzia jani lilelile, ili kila mmoja ajue ni ipi kati ya zile dawa mbili iliyomo kikombeni.