Vipeo, 4^7 na flashi ya GB 8

Juzi mdogo wangu wa Form Two kaniletea daftari limejaa wino mwekundu. Swali: rahisisha 2^3 × 2^4 (hiyo alama ^ ni kipeo, kibodi ya hapa kafe haina namba ndogo za juu). Dogo kaandika 4^7. Sikumcheka, maana madudu hayohayo niliyafanya mimi kwenye mtihani wa Form Four, maksi zikaenda na maji.

Shida yetu tunakariri sheria tu. Iandike kwa kirefu: 2^3 ni 2×2×2, na 2^4 ni 2×2×2×2. Zipange pamoja uzihesabu, ziko saba. Basi ni 2^7, yaani 128. Sasa hiyo 4 imetoka wapi? 4^7 ni 16,384, jamani!

Kugawanya ni kukata. 2^5 ÷ 2^3, tatu za juu zinakatana na tatu za chini, inabaki 2^2. Kwa 2^3 ÷ 2^3 zinakatana zote, jibu 1. Ukitoa vipeo unapata 2^0, ndo maana 2^0 ni 1 na siyo 0. Na 2^3 ÷ 2^5 ni 2^-2, yaani 1/4. Siyo -4!

Mabano nayo yanaua watu. (3x)^2 ni 3x × 3x, yaani 9x^2. Na (x^3)^2 ni x^3 × x^3, yaani x^6.

Wale wa "hesabu hizi zitanisaidia nini", chukua flashi ya GB 8. Kwenye kompyuta MB 1 ni baiti 2^20, GB 1 ni 2^30. Kwa hiyo GB 8 ni 2^3 × 2^30 = 2^33. Wimbo wa MB 4 ni 2^22. Zinaingia ngapi? 2^33 ÷ 2^22 = 2^11, nyimbo 2,048, bila kikokotoo.

Ila ukizijaza hazifiki hata 1,910. Hujaibiwa! Mtengenezaji anahesabu GB 1 kuwa 10^9, Windows inahesabu 2^30, ndo maana inakuonyesha kama 7.45. Na hapo usijaribu kutoa vipeo, 10 na 2 ni namba tofauti, lazima uzidishe kabisa. Kuna jamaa nusura ashikane mashati na muuza flashi kwa sababu hiyo.

Haya, rahisisha (2x^3)^4 ÷ (8x^5). Majibu tupieni kwenye maoni hapo chini, na hatua zenu mziweke.