Vijana wa ngumi, mizani ya asubuhi haiwapi muda wa kurudisha maji

Wiki hii naziweka kando siasa za kaunti, nizungumze na wenye watoto wanaocheza ngumi, kuanzia hapa Ramisi mpaka Msambweni na Ukunda. Vijana wetu wana ari, na si ajabu. Hapo Tanga tu, ng'ambo ya mpaka, ndiko alikotoka Hassan Mwakinyo, aliyekwenda Birmingham Septemba 2018 akamshinda Muingereza Sam Eggington katika raundi ya pili. Mwaka 2016 Fatuma Zarika naye aliwaletea Wakenya mkanda wa dunia wa WBC. Lakini pamoja na ari hiyo kuna mtindo wa kushusha kilo kwa kujikausha maji, na watu wanauchukulia kama sehemu ya mazoezi.

Utawaona barabarani. Saa saba mchana, jua la utosi, kijana anakimbia na koti la mvua juu ya sweta. Tangu jana hajanywa maji ya maana. Anataka kilo 3 ziondoke kabla ya kupimwa, ili apigane uzani wa chini na mtu mwembamba kuliko yeye.

Kinachotoka ni nini?

Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu ni maji. Kilo 3 zikiondoka kwa siku moja, si mafuta yaliyoondoka, ni maji na chumvi, na sehemu ya maji hayo imetoka kwenye damu. Hapo moyo hupiga mbio kusukuma damu iliyopungua, ngozi hukosa damu ya kutosha ya kuupoza mwili, na joto hupanda ndani. Kwetu pwani mambo huwa mazito zaidi kwa sababu hewa ina unyevu mwingi. Jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi. Wakata miwa wa huku wanalijua hilo bila kufundishwa.

Kwa kijana wa kilo 60, kupoteza kilo 1.2, yaani asilimia 2 tu, kunatosha kumpunguzia pumzi. Akifika kilo 3 miguu huwa mizito, misuli hukaza, na figo huanza kuteseka. Tena madaktari wa michezo wanahofia kwamba ubongo uliopungukiwa maji huumia kwa urahisi zaidi kichwa kinapopigwa. Bingwa wetu wa pekee wa Olimpiki katika ngumi, Robert Wangila wa Seoul 1988, alifariki mwaka 1994 kwa jeraha la ubongo baada ya pambano Las Vegas. Ngumi ni hatari hata kwa aliyeshiba maji. Ya nini kuiongezea?

Wengine hawafiki hata ulingoni. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka 3 wa vyuo nchini Marekani walifariki ndani ya wiki chache, wote wakijitoa jasho ili watimize uzito. Baada ya hapo vyuo hivyo vilipiga marufuku sauna na nguo za plastiki za kutoa jasho.

Wanaiga wasichokijua

Vijana wanatazama kwenye simu mabondia wakubwa wakijikausha, kisha wanashinda. Wasichokiona ni saa. Bondia wa kulipwa kwa kawaida hupimwa siku moja kabla ya pambano, kwa hiyo ana mchana, usiku na mchana mwingine wa kunywa na kula. Februari 2000 Arturo Gatti alipimwa pauni 141, na usiku wa pambano alikuwa pauni 160. Karibu kilo 9 zilikuwa zimerudi. Mpinzani wake, Joey Gamache, aliangushwa raundi ya pili na hakupigana tena maishani. Ndiyo maana shirikisho la IBF liliwahi kuweka kanuni ya kuwapima tena mabondia wa mapambano ya ubingwa asubuhi ya siku yenyewe, bila kuruhusu waongezeke zaidi ya pauni 10.

Kijana wetu ni wa ridhaa. Yeye hupimwa asubuhi na kupanda ulingoni siku hiyo hiyo, na mashindano yakiendelea hupimwa tena kila siku ya pambano lake.

Sasa tupige hesabu. Kila kilo ya jasho huhitaji kama lita 1 na nusu za kunywa, kwa sababu sehemu yake itatoka kwa mkojo. Kilo 3 ni lita 4 na nusu. Tumbo hupitisha kama lita 1 kwa saa, hapo ni kwa bahati. Kisha anahitaji kula, na chakula kishuke. Hata mizani ikionyesha uzito umerudi, misuli na ubongo huchelewa. Saa chache za asubuhi hazitoshi.

Kurudisha maji kwa taratibu

Aliyekwisha kukaukiwa asigugumie maji matupu kwa pupa. Maji mengi bila chumvi huishia chooni, na yakizidi sana huifanya damu iwe nyepesi mno, jambo ambalo linaweza kuua. Tunaofunga tunajua namna ya kufuturu: kidogo kidogo kwanza.

Pakiti ya ORS inafaa. Ukikosa, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni kidogo. Lisindikize na chakula chenye chumvi. Dawa za kukojoza zimepigwa marufuku michezoni, na dripu ya kujirudishia maji baada ya mizani pia hairuhusiwi, isipokuwa kwa matibabu halali.

Kijana akichanganyikiwa, akiacha kutoka jasho, au akikosa mkojo, msimpe nasaha. Mvueni nguo nzito, mmwagieni maji, mkimbizeni hospitali ya Msambweni.

Makocha, mpangieni kijana uzani anaoubeba siku zote. Kama lazima ashuke, iwe nusu kilo kwa wiki, kwa kupunguza chapati na soda, si maji. Na wewe mzazi, muulize mwanao swali moja kabla ya mashindano: leo umekunywa maji mara ngapi?

Tukutane wiki ijayo, inshallah.