Hataza iliyoishinda Kodak haikuokoa akiba za wafanyakazi

MWAKA 1943, mtoto wa miaka mitatu alimuuliza baba yake kwa nini picha aliyopigwa haionekani hapo hapo. Familia ilikuwa likizo Santa Fe, Marekani, na baba huyo ni Edwin Land, mwanzilishi wa kampuni ya Polaroid.

Mwaka 1948 kamera ya picha za papo kwa papo ikaanza kuuzwa Boston. Land hakuishia kubuni tu. Aliulinda uvumbuzi wake kwa hataza, yaani haki ya kisheria inayowazuia wengine kuutengeneza au kuuuza kwa muda maalumu. Maishani mwake alipata hataza zaidi ya 500.

Kwa mwenye hisa, hapo ndipo penye utamu. Kampuni iliyo peke yake sokoni hujipangia bei.

Kodak ilipoingia kwenye biashara hiyo mwaka 1976, Polaroid ilikimbilia mahakamani. Ikashinda mwaka 1985. Kodak ikaacha kamera hizo mapema 1986, na mwaka 1991 ikalipa dola milioni 925.

Nani asingenunua hisa za kampuni kama hiyo?

Wafanyakazi wa Polaroid walikuwa nazo tayari. Tangu mwaka 1988 sehemu ya mishahara yao iliwekwa kwenye hisa za mwajiri wao. Kisha zikaja kamera za dijitali. Hazikuiga chochote cha Land, hivyo hapakuwa na wa kumshtaki. Oktoba 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi, na hisa zile zikaishia kuwa na thamani ya senti chache. Mshahara na akiba ya uzeeni vilikuwa kwenye kapu moja.

Wanandoa wanaovutiwa na kampuni ya teknolojia kwa sababu ya hataza zake waisome kwanza ripoti yake ya mwaka. Hataza zinaisha lini? Nchi nyingi hutoa miaka 20 tangu maombi yawasilishwe. Mauzo mangapi yanategemea bidhaa hiyo moja? Na je, mteja anaweza kupata anachotaka kwa njia nyingine kabisa? Hili la mwisho ndilo gumu, na ripoti nyingi hulipitia juu juu.

Halafu waulizane wenyewe, kabla ya kumpigia wakala wa hisa: fedha hizi ni za ada ya Januari, au zinaweza kukaa miaka kumi?